Siku Tulizika Nkuba

Élisabethville, mwanzo ya mvula

Mama yangu mupendwa,

Naandika na Feli ku mugongo, njo maana maandishi inapindapinda. Magoti yako inaendelea namna gani? Samaki ingali inaingia mu nyavu ya bantu ba Kasenga? Siye huku tuko bazima. Feli anasimama sasa, anashika ukuta, anaanguka, anajicheka yeye mwenyewe.

Najua ulisikia habari ya moulin kwenye Baba Feli anasaga unga, lakini ulipewa nusu, na nusu inaleta woga. Mvula ya mwaka uliopita nkuba, njo radi, ilichoma moteur yake. Haikuanguka ku nyumba ya moulin, kule juu kuko chuma murefu ya kuilinda. Ilipitia mu nyuzi ya courant, ile umeme, kutoka mbali, ikaingia mu moteur sawa mugeni mwenye hapigi hodi. Patron, ule Mugiriki mwenye moulin, akasema ikichomeka tena anafunga mulango, anaenda kuuza nguo. Na nyumba yetu ni ya kazi, Mama. Kazi ikiisha, nyumba nayo inaisha, na nilikuwa nimeshakuomba ukuje kukaa na siye Noeli.

Basi Patron akaita Papa Célestin, fundi ya courant, muntu wa Kasai, bachague parafoudre. Ni kile kintu kinakamata nkuba mu nyuzi kabla ifike ku moteur. Baba Feli alimushikia ngazi, njo alinielezea. Kuko ya bei kidogo, pembe mbili ya shaba sawa ya mbuzi, nkuba inaruka katikati. Patron alitaka ile.

“Patron, ya pembe ni ya nyuzi ya kule barabarani,” Papa Célestin akamwambia. “Inachelewa, na moteur haina ngozi ngumu. Tukamate ya porcelaine, sawa ya sahani, na tuiweke karibu na moteur, hapana ku nguzo ya mbali.”

“Basi nunua ile mukubwa kupita zote.”

“Ni sawa kiatu, Patron. Ikipita kipimo ya courant yako, nkuba inapita na yenyewe ingali inalala. Ikipunguka, itaamka kila siku bila sababu, mwisho itaungua.”

Patron akaguna, akanunua ya kipimo.

Asubuhi moja Baba Feli akatoka mbio, akasema palepale ku mulango: “Leo tuko na mise à la terre ku moulin.” Mama, unajua kwa masista nilisoma kifaransa kidogo. Miye nilijua mise en terre tu, ile catéchiste anatangazaka kama kuko maziko. Nikabaki na mwiko mu mukono. Nani amekufa? Nikavaa kitambaa nyeusi, nikamufunga Feli ku mugongo, nikaita jirani yangu Mama Agnesi, tukaenda. Nyuma ya moulin, kweli, kuko shimo, na bantu bamesimama pembeni, kofia mu mikono sababu ya jasho. Mama Agnesi akaanza kulia. Yeye akilia, analia kabisa.

Baba Feli akatokeza kichwa mu shimo. “Munalilia nani?”

“Ule munazika.”

“Tunazika nkuba, bamama.”

Bakacheka mpaka Patron akatoka kuangalia. Papa Célestin ye akasema: “Mama Feli hakukosa sana. Parafoudre inakamata nkuba tu, haiwezi kukaa nayo. Inaipitisha mu ile kamba ya shaba mpaka apa chini mu udongo, njo mise à la terre. Kaburi ikiwa mubaya, maiti inarudi mu nyumba. Na udongo yenye kukauka inakataa nkuba. Kiangazi, nani atakuwa anamwanga maji?”

Nikasema nyumba yetu iko karibu, na maji ya kuogesha Feli tunamwangaka bure. Tangu pale namwanga kila siku. Mama Agnesi anasema ninanywesha marehemu wangu. Namwambia alete yake ya kufulia, marehemu iko na kiu.

Juma iliyopita mvula ya kwanza ikakuja, alasiri, moulin ikisaga. Nkuba ikapiga ku nyuzi, na mulio ya moulin ikakatika. Nilisimama ku mulango na Feli, nikaangalia kitanda, sufuria, nikaanza kuchagua mu roho bintu byenye tungeweza kubeba. Wakati mvula ilipunguka nikaenda kule. Papa Célestin alikuwa anapima moteur, pole pole, na Patron anamufuata nyuma. Halafu akarudisha courant yenye ilikatika. Mama, ikaanza kusaga. Ile parafoudre tu ilipata alama nyeusi ku shingo.

Njo habari yote. Unisalimie Tata, na kaka yangu Petelo mwenye anakusomea hii barua, asiruke mustari, na shangazi Monika mwenye alinifundisha kusuka. Ukuje Noeli. Baba Feli ameleta mbao ya kitanda yako; kabla ya ile mvula hakutaka hata kuichagua.

Ni miye, binti yako mwenye kukupenda,
Mama Feli