Uongo wa Mtungi

Jaipur, Jumamosi

Kwa Baba yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Tangu Jumapili nasikia mlio mmoja tu: kikombe chako kikitua juu ya jiwe la kizingiti cha shangazi Sughra. Naomba barua hii ikukute kikohozi kimepungua, na Mama magoti hayamsumbui. Mimi ni mzima wa mwili.

Shangazi anakusalimu. Shule imefunguliwa na wanafunzi wangu hawajambo. Nakupa habari ndogo ndogo kwa sababu naiogopa ile kubwa.

Bi Mehrunisa, mama yake mchumba wangu Taukir, aliniuliza siku ya kwanza jina letu lilitoka wapi. Ningeweza kumwambia kwamba kina Nilgar ni watu wa nili, rangi ya buluu ya nguo, wanaozaliwa kando ya mitungi ya rangi. Ningemsimulia babu Allarakha, aliyetia rangi kilemba kilichogombaniwa na mabwana wawili wa ngome, na bibi Rahmat, aliyeionja nili kwa ncha ya ulimi akajua kama imeiva. Badala yake nilisema wazee wetu walikuwa makatibu wa ikulu, watunza wino wa buluu wa mfalme. Alifurahi sana. Akawasimulia dada zake.

Nawe ukatokea Jumapili, shuka ya harusi kwapani, wakati yeye na dada zake wamekaa sebuleni kwa shangazi. Bi Mehrunisa aliiona mikono yako, buluu mpaka kwenye viwiko, akauliza, "Huyu nani tena?"

Nikasema, "Fundi wa rangi, ameleta shuka."

Hukunitazama. Ulimwambia, "Ndiyo, mama, fundi tu. Nikikaa kwenye kiti chenu nitakiachia alama." Wakacheka. Chai yako ikaletwa nje, nami ndiye niliyeileta. Hukuinywa.

Shangazi ameniambia alikusindikiza akilia, ukamtuliza ukisema mtungi mkubwa umegoma, hautoi rangi, na kwa desturi yetu mtu wa nyumbani lazima atoke na uongo. Watu wakiuamini, nili inapona. "Na huu umeaminiwa, Sughra," ulisema. "Mtungi utapona."

Baba, ungenipiga nisingelia hivyo. Uongo wa mtungi ni wa mchezo: ngamia kazaa mapacha, mnara wa msikiti umeinama. Utotoni mlitutuma sokoni kuusambaza, tukirudi mnacheka. Haukuwahi kuwa wa kumkana mtu.

Tena liko usilolijua. Nilikuandikia uje Jumatatu, nikakwambia wageni watakuja siku hiyo. Nilijua watakuja Jumapili. Niliichagua Jumatatu ili wasikuone. Wewe uliwahi kwa sababu shuka ilikauka mapema, ukataka niwe nayo wageni wakifika.

Jana nilikwenda kwa Bi Mehrunisa. Niliitandaza shuka mbele yake na dada zake, nikasema aliyeitia rangi ni baba yangu, na ukoo wetu hauna katibu wala wino wa mfalme. Hakuuliza habari za nili. Aliuliza niliwezaje kumpelekea baba yangu chai kizingitini. Taukir alikuwa anatazama sakafu. Shuka nimerudi nayo, pete nimeiacha.

Nibusie mikono ya Mama, na umwambie shangazi amemshonea kanzu. Kama mtungi ulikuwa umeanza kupona, Baba, mimi ndiye niliyeuharibu tena.

Mwanao,
Zaibun Nilgar