Koo Kama la Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nimechuma majani chai hadi saa sita. Manyunyu. Mchana ugali na sukuma. Tonge la pili likakwama kifuani tena. Nikanywa maji, yakarudi kwa pua. Nikakimbia nyuma ya jikoni ili Chebet asinione. Huyu binti yangu ana macho.

Mama alianza hivi hivi.

Alhamisi, 6 Machi

Uji na maziwa ya mursik tu. Sketi inanishuka kiunoni. Baba Chebet ameniuliza mbona sili. Nikamwambia nimefunga, naomba. Akaniheshimu. Akamwambia Chebet asinisumbue.

Siombi hata kidogo. Naogopa tu. Naamka nikiogopa, nachuma nikiogopa. Nimetumia jina la Mungu kuficha koo langu.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani mama mmoja ametoa ushuhuda, uvimbe wake umeisha bila kisu. Makofi. Pasta akasema anayemtegemea Mungu hapatwi na baya. Mama alimtegemea Mungu kuliko huyo pasta. Tulimzika akiwa mwepesi kama mtoto. Basi yeye alilindwa na nini?

Nimetoka kabla ya sadaka.

Jumatano, 12 Machi

Baba Chebet amenikuta natapika kando ya zizi. Hakugomba. Aliketi juu ya ndoo. Halafu akasema, "Mama Chebet, kesho twende hospitali, Longisa."

Nikakataa. Nikamwambia nikipimwa itakuwa kweli.

"Ni kweli tayari," akasema.

Nimemchukia mchana wote.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeenda kwa mama mdogo Tabutany, dada ya mama. Ndiye aliyemuuguza hadi mwisho. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimetoka tu kujifungua Chebet. Nilimwambia yote. Hakushtuka. Akaniuliza kama naogopa kufa. Nikasema si hivyo. Naogopa kuwa peke yangu ndani ya maumivu, mahali ambapo hata Baba Chebet hawezi kufika.

"Mama yako aliogopa hicho hicho," akasema. "Aliumia, sitakudanganya. Alilia. Lakini kuna asubuhi moja aliacha kuomba apone. Akaomba Mungu asitoke pale kitandani. Kutoka hiyo siku aliumia, lakini hakuogopa tena."

Sijui kama naamini. Nimelia njia yote. Nikamwambia Baba Chebet sawa, twende.

Jumanne, 18 Machi

Longisa. Wameniingiza bomba la kamera kooni. Nilitetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Nikaomba kimoyomoyo, mdomo ulikuwa umezibwa. Sikuomba nipone. Nilisema, Mungu, usitoke hapa. Basi.

Kutetemeka kukaisha. Sijui nieleze vipi. Bomba lilikuwa bado linauma, na kile nilichokuwa nakijua moyoni nilikuwa bado nakijua. Lakini sikuwa peke yangu.

Wamekata kipande wakapime.

Jumatano, 2 Aprili

Ni kansa. Imeenda mbali. Daktari amesema hawawezi kuiondoa. Wataweka mrija ili nimeze vitu laini. Amesema polepole, akanitazama usoni. Nimemshukuru.

Baba Chebet amelia kwenye benchi mbele ya watu wote. Mwanamume mzima. Nikamshika mkono. Nikangoja ile hofu irudi. Huzuni ndiyo iliyokuja, kubwa mno, ya Chebet hasa. Nani atamfundisha mambo ya wanawake? Nani atasimama naye siku ya kuolewa? Huzuni itaniua kabla ya koo.

Hofu haikuja.

Jumapili, 6 Aprili

Sina nguvu za kwenda kanisani. Jana nilimwambia Chebet. Kumbe alijua, alikuwa akinisikia nikitapika. Hakulia. Aliniuliza, "Mama, Mungu atakulinda?"

Nikamwambia sidhani nitapona. Nikamwambia pia ananilinda. Akanitazama kama mtu aliyedanganywa. Mimi mwenyewe sielewi vizuri.

Leo amenisuka nywele hapo nje. Vidole vyake ni vyepesi. Baba Chebet alikuwa anawakatia ng'ombe majani. Mawingu yakaja kutoka upande wa Kericho, tukaingiza viti ndani.