Pete ya Kidole cha Mguu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzigawe hapo nyumbani kuanzia kwa shemeji mpaka kwa yule mjukuu anayeota meno. Magoti yanaendeleaje? Uliniambia ngazi zimekuwa adui yako, natumaini mmepatana. Sisi huku ni wazima, kazi inakwenda. Nakuandikia kwa sababu nina jambo la kujivunia na majirani wameshachoka kunisikiliza.

Linamhusu mwanetu Chiriku. Unajua tangu amalize shule yuko nami hapa kwenye karakana yangu ya usonara, mkono unapiga tupa na mdomo haupumziki. Basi walikuja wachumba wawili kuagiza pete ya ndoa, bwana ni fundi baiskeli, na binti anakanda unga kwenye kiwanda cha mikate cha mtaa wa pili. Pete ya uchumba iliwahi kumponyoka ndani ya unga, wakapasua mikate mpaka ikapatikana, na mkubwa wake akamwambia siku nyingine atapasuliwa yeye. Tangu hapo akawa anaivua akienda kazini. Mama mkwe mtarajiwa akamkuta kidole kitupu, akawaka. Alisema mwanawe anaoa mtu anayemwonea aibu, na kwamba achague moja, pete au mikate. Binti analia, kazi anaipenda, bwana naye anampenda.

Mimi nikawashauri kwa busara zangu kwamba pete ivaliwe shingoni kwenye mkufu. Bwana akajibu kwamba mama ameshakataa. Kwake pete mahali pake ni kidoleni, basi.

Hapo Chiriku akaweka tupa chini, akauliza, "Kwani miguuni hakuna vidole?"

Nilicheka, dada. Yeye hakucheka. Akaanza kuwaeleza jinsi Warusi wengi wanavyovaa pete ya ndoa mkono wa kulia, na jinsi Waayalandi walivyo na ya mikono miwili iliyoshika moyo, akasema zote ni nzuri lakini zote zitaishia kwenye unga. Kisha akaeleza kwamba wanawake wengi wa Kihindi wakiolewa huvaa pete za fedha kwenye kidole cha pili cha mguu, moja kila upande, wala hakuna anayewaona hawajaolewa. Nikamvuta pembeni nikamwambia tutachekwa, tangu lini sonara akapima watu miguu? Akanijibu kwamba miguu ya huyu dada haikandi unga.

Wachumba wakakubali, lakini yeye hakukurupuka. Alikwenda kwa mama mmoja wa Kihindi, mteja wetu, akamwomba amwonyeshe zake. Yule mama akamfundisha kwamba dhahabu kwao haivaliwi miguuni, na kwamba pete iachwe wazi kidogo nyuma ili isibane mguu ukivimba. Mwanao akatengeneza jozi ya fedha, juu amesuka nyuzi mbili kama mkate wa kusokotwa. Kingo alizilainisha mpaka nikipitisha kidole sihisi zinapoishia.

Siku ya harusi bwana alipiga goti, akamvua bibi harusi viatu mbele ya ukumbi mzima. Watu waliangua vicheko, lakini kijana alikuwa akilengwalengwa na machozi. Mama mkwe akainuka, akaja mpaka mbele, akainama kukagua. Akasema kwa sauti, "Kidole ni kidole. Nimeshindwa." Ukumbi ukalipuka! Baadaye nilisikia amemwuliza Chiriku kama zipo za miguu iliyopasuka visigino.

Sasa nikwambie lile ambalo majirani hawalijui lote. Mshereheshaji aliita fundi wa pete asimame, na macho yote yakanigeukia mimi. Nikasimama, dada. Nikafunga kifungo cha koti, nikapokea makofi, na yalikuwa matamu. Nilitaka kukaa nayo. Lakini ukweli ni kwamba macho yangu yamefifia, na daktari amesema yaliyopotea hayarudi. Tangu mwaka jana sijalehemu kitu. Kila pete inayotoka hapa ni ya Chiriku, na yeye huwaambia wateja ni ya baba, ili nisione haya. Nilimtazama kule nyuma, anapiga makofi kuliko wote. Nikashindwa kuendelea. Nikasema, "Mnampigia makofi mtu mwingine. Fundi ni yule, na meza ni yake kuanzia leo."

Usinisikitikie. Naona vya kutosha kufungua mlango na kukaribisha watu. Jana mteja aliniuliza kama ninaweza kumtengenezea hereni, nikamwambia akae, anywe maji, fundi anakuja. Sijui kama nimewahi kusema neno likanikaa vizuri hivyo mdomoni.

Msalimie shemeji, na wote wanaoniulizia. Tunza magoti.

Mimi mdogo wako,
Baba Chiriku