Usimkamilishe Mtu

Hopkins, Minnesota
Februari 1991

Mamangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakushika miguu kutoka huku kwenye baridi, na naomba barua hii ikukute umekaa barazani, magoti hayakuumi, na Zuhura yuko kando yako anakusomea bila kuruka mistari. Zuhura, dada yangu, nakujua. Soma kila neno, hata pale ninapokusema wewe.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naswali, na koti nimevaa, maana najua hilo ndilo swali lako la kwanza. Theluji imefika madirishani, na ziwa la jirani limeganda hata watu wanaendesha magari juu yake. Mwangi, yule kijana wa Nyeri ninayeishi naye, anayesoma chuo kikuu na jioni anasafisha ofisi kule Plymouth, alinialika twende naye akanipitishe. Nikamwambia mimi mtu wa Mombasa, maji nayavuka kwa feri.

Barua yenu imefika. Ile sehemu yako, Mama, niliisoma, nikairudia, kisha nikampa Mwangi aisome kwa sauti nihakikishe macho yangu hayanidanganyi. Unasema Swaleh hajaandika kutoka Saudia tangu vita hivi vya Ghuba vianze. Unasema sauti ya mwanao unayo, lakini sura yake inakuponyoka, na nyumbani hamna picha yake hata moja kwa kuwa wewe mwenyewe ulizikataza. Na sasa unaniomba mimi nikuchoree ndugu yangu. Wewe, Mama. Wewe uliyenifukuza ukumbini na makaa yangu kwa sababu nilichora paka ukutani, na Swaleh aliyenishikia taa ukamvuta sikio, lile la kushoto, lililokuwa halipati kupoa kwa kuvutwa.

Jibu langu liko mwisho wa barua. Kwanza nikusimulie mkasa wa masikio, maana bila huo hutaelewa nilichokufungia humu.

Siku nilipoondoka ulinishika mkono pale mlangoni ukaniambia, "Twahir, kama huna budi kuchora viumbe, basi usimkamilishe mtu. Kukamilisha ni kazi ya Mwenyezi Mungu." Nikakuahidi. Tangu nifike huku, kila mtu niliyemchora sikio lake moja silichori. Namgeuza kidogo upande, au namteremshia nywele, au namvika kofia. Utasema huo ni ujanja. Ni ujanja kweli, lakini ahadi sijaivunja.

Sasa sikia maajabu. Hawa mabibi matajiri wa kando ya ziwa kubwa, ambao ndio wateja wangu, wanadhani huo ndio mtindo wangu. Mmoja aliwaambia wenzake kwenye karamu ya chai kwamba namna ninavyogeuza nyuso ina siri ya Afrika ndani yake. Wote wakanitazama. Nikaendelea kula keki yangu. Ningesema nini? Kwamba siri ya Afrika ni mama mmoja wa Kibokoni, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, na ni mkali?

Vita vilipoanza, kazi ikabadilika. Zamani mabibi walitaka kuchorwa wenyewe, pamoja na mikufu yao na mbwa wao. Sasa wanataka niwachoree watoto wao walioko jeshini, kwa kutazama picha za kamera. Miti mbele ya nyumba imefungwa utepe wa manjano, alama ya kungojea askari arudi, na televisheni hazizimwi. Mteja mmoja alinipigia simu kuahirisha kazi yake. Alisema jina langu linamtia wasiwasi siku hizi, akauliza, kwa adabu, kama mimi ni Mwiraki. Nikamwambia mimi ni Mswahili. Akauliza hao wako upande gani wa vita. Mwangi nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Mimi siku ile sikucheka, ila sasa nacheka.

Katika mabibi hao mkubwa wao ni Bi Ingrid. Ni mjane, ndiye aliyenitambulisha kwa wenzake, na akinigeuka yeye wote watanigeuka. Ana mtoto mmoja tu, Erik, naye yuko jangwani Saudia na jeshi. Alinipa picha ya kijana huyo: amesimama wima, ametazama mbele, kofia ameibana kwapani, na masikio yamemtoka pande zote mbili kama vishikio vya sufuria.

"Mchore vilevile," akaniambia. "Pua ukikosea nitakusamehe. Masikio nayataka. Huyu alipozaliwa, masikio ndiyo niliyoyaona kwanza."

Nikaitikia kabla sijafikiri. Huwa nachorea kule kwake, katika chumba chenye mwanga mzuri kilicho karibu na jiko. Uso ukatoka, sare ikatoka na vifungo vyake, sikio la kulia likatoka zuri kushinda yote niliyowahi kuchora. La kushoto nikaliacha, pakabaki kitambaa kitupu. Kila asubuhi nikawa nashika brashi, naitazama, naiweka chini, kisha nafunika picha kwa shuka kabla Bi Ingrid hajaja. Nilimhurumia yule mama. Wewe nilikuogopa. Nikawa nimekaa katikati.

Mwangi akaniona sili vizuri, akaniuliza kulikoni. Nilipomweleza alishangaa.

"Si u-finish tu hilo sikio, boss. Mathe wako ako Mombasa, ata-know aje?"

"Atajua."

"Na huyu mama aki-cancel? Hao ma-lady wengine si watam-follow tu? Halafu rent tutalipa na theluji?"

Hakusema uongo. Lakini si kodi iliyonikosesha usingizi. Bila hawa mabibi ningerudi kufagia ofisi pamoja naye, na kufagia si aibu. Kilichoniuma ni kwamba mama wa watu aliniomba kitu kimoja tu, nami nimeshindwa kumpa.

Asubuhi moja nikamkuta amenitangulia. Shuka liko chini, naye amesimama mbele ya picha, mikono ameikunja kifuani.

"Kwa nini umemkata mwanangu sikio?" akauliza. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. "Unajua maana yake, kumkata sikio mtoto aliye vitani?"

Mama, nilitamani sakafu ipasuke niingie. Mimi siku zote nilikuwa naona ahadi. Yeye aliona jeraha. Nikamweleza yote, kuanzia paka wa ukutani mpaka siku ya kuondoka. Nikamweleza habari za Swaleh pia, kwamba ni dereva wa lori la mikate huko Dammam, kwamba mabomu yanaanguka upande ule ule aliko Erik, na kwamba sisi hatuna habari zake. Nilikuwa nimekwisha kukunja mifuko yangu ya rangi moyoni.

Akakaa kitini. "Mamako yuko hai?"

"Yuko hai, namshukuru Mungu."

"Mama yangu mimi alitukataza kupiga mluzi ndani ya nyumba," akasema. "Amekufa zamani sana. Mpaka leo sipigi mluzi ndani ya nyumba." Akaitazama picha tena. "Lakini sikio la mwanangu nalitaka."

Tukakwama hapo, mimi na yeye, kila mmoja na mama yake. Ndipo simu ikalia jikoni.

Alikuwa Erik. Hao askari hupanga foleni ndefu jangwani kungojea zamu ya simu, wala mzazi hajui itapigwa lini. Bi Ingrid aliushika mkono wa simu kwa mikono miwili akaubana sikioni kama mtu anayezuia usitoroke. "Unakula? Unalala? Soksi unazo?" Maneno yako hasa, Mama, ila kwa Kiingereza. Kisha nikamsikia anasema, "Nipo hapa na mchoraji wako. Ana ndugu yake huko, anaitwa Swaleh, dereva wa mikate. Umemwona?"

Erik alicheka, hata mimi nilimsikia. Alisema huko watu ni wengi kama mchanga. Lakini mkate wanaupata kila asubuhi, tena laini, unaletwa na malori kutoka Dammam, na madereva wakipita huwapungia mikono. Bi Ingrid akanirudishia hayo neno kwa neno akiwa bado na simu sikioni. Najua hiyo si habari ya Swaleh. Lakini malori yanatembea, na mkate haujiendeshi wenyewe. Sikio halilali na njaa; langu siku ile lilipata tonge, nami nakumegea.

Simu ilipokatika, Bi Ingrid alibaki pale pale, ameubana mkono wa simu kana kwamba kuna neno limebaki ndani. Nami nikawa namtazama kwa jicho la kazi yangu. Sikio lake halikuonekana.

"Tumpe Erik simu," nikamwambia.

Hakunielewa.

"Nimchore ameshika simu, sikio la kushoto. Sikio lipo, limefunikwa tu. Anakusikiliza wewe."

Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko, nami nikawa sijui nimletee maji au leso. "Basi atasikiliza sauti yangu ukutani kutwa kucha," akasema mwishowe. "Maskini mwanangu."

Picha imekwisha, na imetundikwa sebuleni kwake. Hakuna mgeni anayepita bila kusimama mbele yake, na ahadi yako iko salama. Tena tayari mabibi wawili wengine wamekuja wanataka watoto wao washike simu. Siri ya Afrika imepata laini.

Sasa nimefika kwa Swaleh. Nimemchora kwa penseli, kwa kumbukumbu ya moyo, nikamweka kati ya makaratasi mawili magumu ili asikunjike njiani. Macho yalikuja upesi, yale yanayocheka kabla ya mdomo. Nimeweka kovu la nyusi, la siku aliyoanguka ngazini akikukimbia, na lile pengo la meno ambalo wasichana walilisifu akawa haambiliki. Kidevu kilinikataa kabisa, nikakiazima kwenye kioo, maana sote wawili tunacho kidevu cha marehemu Baba. Nilipofika mdomoni nilishindwa, nikalia. Mwangi akanipikia chai akakaa nami bila kusema neno, na wewe humjui, lakini kwake huo ni muujiza. Nina hofu kama wewe, Mama. Sitakuficha. Lakini nilipomaliza nikamwona Swaleh ananicheka kwenye karatasi, nikashindwa kuamini kwamba mtu mwenye uso ule ameshindwa kuendesha lori la mikate.

Nisalimie Mjomba kinyozi, mwambie huku kunyoa ndevu ni anasa, baridi imenifanya nizifuge kama shehe. Nisalimie Shangazi wa Kuze, na jirani yetu mshona kofia, na mkewe anayetuletea mahamri. Ramadhani inakaribia; mkifuturu, mniwekee kikombe cha uji japo mkinywe wenyewe. Zuhura, umesoma vizuri, Mungu akupe mume mvumilivu. Mwangi anakuamkia, Mama. Na Bi Ingrid ameniambia nikuandikie kwamba yeye pia anangoja, na kwamba akiomba dua yake ya asubuhi hutaja majina mawili, Erik na Swaleh, ingawa la pili bado linampiga chenga.

Ukiifungua picha utaona sikio la kushoto halipo. Hapo sikuweka simu wala kofia wala ujanja wowote, nimepaacha peupe. Usishtuke, si jeraha. Ni lile lako. Akirudi, livute mwenyewe.

Mwanao anayekupenda,
Twahir