Baba, Walikuhajiri Hadi Kaburini

Baba,

Pokea salamu yangu mimi, maana Gando nzima ilikunyima. Nina hasira, na kufa kwako hakutanifanya nizifiche.

Lile neno lao, hajri, siku hizi hata wauza samaki wa dikoni, zinakofikia mashua, wanalijua. Hamadi, mwanafunzi wako uliyemshika kidole tangu alifu, aliporudi kutoka masomoni alipanda mimbari akasema kumsomea maiti talkini, kumkumbusha la kuwajibu malaika, ni uzushi. Na mzushi asiyetubu ahajiriwe: asiamkiwe, asialikwe, akiugua asitazamwe. Jina hakutaja. Kwani nani mwingine alikuwa akiwasomea maiti wetu?

Nilitaka kwenda kumtukana, ukanizuia. "Yuno mwanafunzi wangu, mwache." Ukanieleza, huku unakohoa, kwamba watu wa kale walimhajiri mtu ili moyo umuume, arudi, na akirudi wamkumbatie. Hajri ni dawa, ukasema, ina kipimo chake.

Baba, wewe walikunywesha chupa nzima! Ulikaa barazani na buli lako la kahawa, watu wanapita wamegeuza nyuso. Ukatoa salamu, ukajiitikia mwenyewe. Hilo ndilo linalonichoma.

Ulipokufa, jeneza lako lilibebwa na wajomba waliotoka Wambaa. Majirani walijifungia ndani. Na talkini, wewe uliyewasomea wazee wao, hakuna aliyekusomea.

Sasa sikia. Juzi mama yake Hamadi, Bi Mize, amefariki. Hamadi akaja kwangu macho mekundu, ananiomba nikamwoshe, kwa kuwa tangu mama atutoke mimi ndiye mwosha wanawake hapa kijijini.

Nikamwuliza, "Salamu ya baba haramu, mikono ya mwanawe halali?"

Akainama. Akasema, "Dada, niwie radhi." Nikamwambia aniondokee mlangoni nipite.

Nilimwosha, baba. Nilimwosha vizuri, kidole kwa kidole, nikamtia karafuu maiti, nikamvisha sanda. Machozi yalikuwa yananitoka kwa ghadhabu, na wanawake wenzangu wakawa wananibembeleza wakidhani namlilia Bi Mize.

Lala, baba yangu, Mungu akupe nuru. Nakuahidi maiti wa Gando nitawaosha wote, awe mama wa nani. Lakini radhi aliyoniomba Hamadi mlangoni, kwa sauti ya chini, akaiombe Ijumaa msikiti umejaa, na jina lako alitaje. Mpaka siku hiyo salamu yake siitikii. Siku akisema, nitaitikia.

Mwanao,
Asha