Dizeli ya Mgeni

Alhamisi

Kumbe dizeli ipo! Tangu mwezi uliopita gari la taka limelala uani pale halmashauri, na kila nikiuliza naambiwa fungu la mafuta limekwisha, dereva vumilia. Leo asubuhi bosi kanipigia mwenyewe nikajaze tangi. Kuna mgeni mkubwa anatokea Dodoma.

Nikasema basi nianze na sokoni, lile lundo limeshaziba mtaro. Bosi akakataa.

"Sokoni hapiti. Wewe safisha barabara kuu."

Nilikuwa nimejaza gari, naelekea dampo, simu ikaja kwamba msafara umeshapita Mkiwa, unakaribia mjini. Nikaambiwa nimwage popote pasipoonekana. Nikamwaga nyuma ya soko, juu ya lundo lile lile. Mimi mwenyewe.

Mgeni akakuta mawe ya barabarani yamepakwa chokaa, mahema yamefungwa, chai ipo. Akausifu mji kwa usafi. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga.

Jioni nimemkuta Mama Neema, anayeuza uji hapo nyuma ya soko, anafunga haraka awahi hospitali. Neema amelazwa, anaharisha tangu juzi. Nilijua atanitukana. Ila aliweka sufuria chini, akaniuliza taratibu:

"Baba Rehema, mgeni mwingine anakuja lini, mpewe tena dizeli?"

Nikadhani ananikejeli. Nikamtazama usoni. Alikuwa anasubiri jibu.