Indaktansi Isiyobadilika

Jumanne usiku, Kitale

Hapana, simwamini Wekesa, mwenzangu wa maabara. Mimi niko hapa hospitalini namuuguza mama, naye amebaki maabara kupima saketi zetu, zile zinazopitisha umeme bila ukinzani zikipozwa karibu na sufuri halisi, baridi ya mwisho kabisa. Leo ametuma matokeo. Indaktansi, yaani jinsi saketi inavyopinga mabadiliko ya mkondo wa umeme, ni ileile kwa kila halijoto. Haiwezekani! Joto likikaribia kiwango ambapo ukinzani hurudi, indaktansi lazima ipande.

Nikampigia nikiwa nje ya wodi. Sote ni wa Bungoma, yeye wa upande wa Bumula, hatuzungushani maneno.

"Wekesa, ulipima kweli?"

"Si umeona grafu?"

"Nimeona. Ndiyo maana nauliza."

Akasema, "Mashine ya kupoza iliharibika, bana. Nikajaza namba ya hesabu tu, ileile kila mahali. Profesa ati anataka ripoti kesho."

Nikamwambia yeye mwenyewe amweleze profesa kabla ya asubuhi. Akakubali upesi mno, kama mtu anayetaka tu nikate simu. Halafu akaniuliza kama mama anaendelea vizuri. Hajawahi kuuliza.

Sikungoja asubuhi. Nimemwandikia profesa kila kitu, nikaomba jina langu liondolewe kwenye ripoti.